Tonge likishapita kooni: nani analisukuma, nani anabeba mzigo?

Wadau, leo tuache siasa kidogo, tuingie tumboni.

Ukimuuliza mtu yeyote aliyepita kidato cha pili habari za kumeng'enya chakula, atakutajia vimeng'enya vyote kama kasuku: amilesi, pepsini, lipesi, tripsini. Tulikaririshwa hivyo. Mchoro ukutani, mishale, majina, mtihani, kwisha habari. Lakini kuna maswali mawili ambayo ule mchoro haukujibu. La kwanza, chakula kinatembeaje kwenye bomba la mita kadhaa lililojikunjakunja bila kukwama? La pili, kikishasagika, kinatokaje tumboni mpaka kifike kwenye kidole gumba cha mguu?

Jibu la kwanza ni misuli. Jibu la pili ni mishipa ya damu. Na haya sio mambo ya mtihani tu, maana yale magonjwa ya tumbo yanayoondoka na mtu ghafla, aliyelala mzima Jumatatu akazikwa Alhamisi, mengi hayahusu vimeng'enya hata kidogo. Yanahusu msuli ulioachia, utumbo uliojisokota au mshipa uliobanwa damu ikashindwa kupita. Mtaani tunasema "chango", tunachemsha mizizi, saa zinakwenda.

Mimi sio daktari, ni mtu wa kusoma na kuuliza. Kwa hiyo nitaandika kwa lugha ya kawaida, na nikisema "mfuko wa tumbo" ujue namaanisha lile tumbo lenyewe linalopokea chakula, sio kitambi chote.

TONGE HALIANGUKI, LINASUKUMWA

Wengi wetu tunadhani umio ni kama bomba la maji, yaani tonge la ugali linashuka kwa uzito wake. Sio hivyo. Umio ni mrija wa nyama wenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, na muda mwingi umelala, umejifunga kama soksi isiyovaliwa. Tonge likiingia, msuli wa nyuma yake unabana na wa mbele yake unalegea, halafu ule mbano unasafiri kwenda chini. Umeshamwona mtu anayekamua ng'ombe? Kidole cha juu kinabana kwanza, kinafuata cha pili, cha tatu, maziwa hayana pa kwenda isipokuwa chini. Ndiyo hivyo hivyo. Wataalamu wanaita peristalsisi, na kwa tonge la kawaida safari hiyo inachukua kama sekunde 8 mpaka 10.

Ushahidi upo mtoni. Ng'ombe akinywa maji, kichwa kipo chini na tumbo lipo juu, lakini maji yanapanda. Halafu jioni analala chini anacheua, yale majani yanarudi juu mdomoni kwa mbano uleule uliogeuzwa. Hata wanasayansi walikuwa na wasiwasi kama binadamu ataweza kumeza anga za juu kusiko na uzito. Mwaka 1962 Mmarekani John Glenn alikula rojo la tufaha kutoka kwenye tyubu akiwa anaizunguka dunia, likashuka bila shida yoyote. Hakukuwa na uzito wa kulivuta, kulikuwa na misuli tu.

Kitu kimoja nilichokipenda: sehemu ya juu ya umio ina misuli ya aina ileile ya mkono wako, lakini kadiri unavyoshuka inabadilika inakuwa misuli laini, ile isiyosikiliza amri yako. Ndiyo maana kumeza unaanza wewe, ila ukishaanza huwezi kubadili mawazo katikati. Kutoka hapo mpaka mlango wa mwisho kabisa, wewe ni abiria tu.

Chini ya umio kuna msuli wa duara unaofanya kazi ya mlango. Unafunguka tonge likifika, unafunga nyuma yake. Ukilegea, tindikali ya tumboni inapanda juu na kuunguza, na hicho ndicho kiungulia. Wajawazito wanakijua vizuri, maana homoni za ujauzito zinaulegeza huo msuli na mtoto naye anasukuma kutoka chini. Na wewe unayekula chips mayai saa nne usiku halafu unajitupa kitandani, unaulazimisha mlango huohuo uzuie mzigo wote ukiwa umelala.

Mfuko wa tumbo una tabaka tatu za misuli: moja imekwenda kwa urefu, moja imezunguka, na ya ndani imekaa mshazari. Sehemu nyingine za njia ya chakula zina tabaka mbili tu. Hiyo ya tatu ipo kwa sababu mfuko wa tumbo hausukumi tu, unakanda. Mbano unapita kama mara 3 kwa dakika, chakula kinasukumwa mpaka kwenye mlango wa kutokea, na ule mlango haufunguki ovyo. Unapitisha rojo na chembechembe ndogo za kama milimita 2 au chini ya hapo. Kilichobaki kinarudishwa nyuma kikandwe upya. Kwa hiyo mtu asiyetafuna vizuri, akimeza minofu mizima mizima, anauhamishia mfuko wa tumbo kazi ya meno. Uji unapita haraka. Nyama yenye mafuta inakaa saa kadhaa, kwa sababu utumbo ukishaonja mafuta unatuma taarifa nyuma kwamba punguzeni kasi, huku bado hatujamaliza.

Kwenye utumbo mwembamba misuli inafanya kazi za aina mbili. Kuna ule mbano wa kusukuma, na kuna mbano wa kukatakata, ambapo utumbo unajibana sehemu nyingi kwa wakati mmoja, unaachia, unajibana tena pembeni. Huo hausogezi chakula mbali. Unakichanganya, unakigusisha kwenye ukuta. Juu kabisa, karibu na mfuko wa tumbo, mibano inafika 12 kwa dakika, na mwisho wa utumbo inashuka mpaka kama 8. Kwa kuwa juu wanafanya kazi haraka kuliko chini, mzigo taratibu unaelekea chini.

Nani anapiga hiyo ngoma? Kuna chembe hai maalumu zilizopenyezwa katikati ya misuli, zinaitwa kwa jina la Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1906 pamoja na Camillo Golgi. Hizo ndizo zinazotoa mapigo ya umeme kwa mpangilio. Juu ya hilo, utumbo una mtandao wake wa neva, zaidi ya milioni 100, uliolala ndani ya ukuta wenyewe. Mwaka 1899 Waingereza wawili, Bayliss na Starling, walikata neva zinazotoka nje kwenda kwenye utumbo wa mbwa, na bado utumbo ukiguswa ulibana juu ya pale palipoguswa na kulegea chini yake.

Kama unadhani hiyo ni ya maabara ya London tu, nenda Vingunguti au machinjio yoyote asubuhi. Mbuzi ameshachinjwa, kichwa kipo kule, lakini utumbo uliotolewa sasa hivi unaendelea kujinyonganyonga kwenye beseni. Watu wanasema "bado ana roho". Sio roho, ni ule mtandao wa neva na misuli laini ambayo haijaishiwa nguvu.

Halafu kuna ile ngurumo ya njaa. Tumbo likikaa tupu, kila baada ya dakika 90 mpaka 120 linapitishwa wimbi la nguvu kutoka mfuko wa tumbo mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, kufagia mabaki, ute na bakteria. Ndani kuna hewa na maji kidogo, kwa hiyo kelele. Waliofunga Ramadhani wanaijua hiyo ya saa tisa alasiri. Sio kwamba tumbo "linajila lenyewe" kama tulivyokuwa tunatishwa tukiwa wadogo. Linafanya usafi. Ukila, usafi unasimama, kazi inaanza.

Utumbo mpana wenyewe ni mvivu. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji na kutunza mzigo, kwa hiyo msukumo mkubwa unakuja mara 1 mpaka 3 tu kwa siku, mara nyingi baada ya kula. Ndiyo maana kuna mtu akinywa chai ya asubuhi tu unamwona anatafuta choo. Mfuko wa tumbo ukitanuka, utumbo mpana unapewa taarifa. Mwisho kuna milango miwili. Wa ndani unafunguka wenyewe, wa nje unautawala wewe. Bila huo wa nje daladala za Mbagala zisingepandika.

DAMU INAKUJA KULA

Sasa tuhamie kwenye mishipa, na hapa nianze na kisa cha kweli.

Mwaka 1822, kisiwa cha Mackinac kule Marekani, kijana Mkanada anayeitwa Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bahati mbaya ubavuni. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu, kijana akapona, lakini kidonda kilikataa kuziba. Likabaki tundu la kutoka nje mpaka ndani ya mfuko wa tumbo. Beaumont akaona hiyo ni dirisha. Kwa miaka akawa anaingiza vipande vya nyama vilivyofungwa kwa uzi wa hariri, anavivuta, anaandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1833. (St. Martin hakufaidi sana hayo mambo. Alipofariki mwaka 1880 ndugu zake waliuacha mwili uanze kuoza kabla ya kuzika, makusudi, ili madaktari wasije kuuchukua. Mimi nawaelewa.)

Kati ya mambo aliyoyaona Beaumont, moja ndilo linalotuhusu: ukuta wa ndani wa mfuko wa tumbo ukiwa mtupu ulikuwa na rangi ya waridi iliyopauka, na chakula kikiingia ulikolea wekundu. Damu ilikuwa inakuja.

Inatoka wapi? Mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo na kushuka mgongoni unatoa matawi makubwa matatu kwa mbele. La kwanza linalisha mfuko wa tumbo, ini, kongosho na bandama. La pili linalisha utumbo mwembamba na kama nusu ya utumbo mpana. La tatu linamalizia utumbo mpana uliobaki. Mtu akiwa amepumzika, karibu robo ya damu yote inayotoka kwenye moyo inakwenda huko, yaani zaidi ya lita moja kila dakika. Ukila chakula kizito inaweza kufika hata mara mbili.

Sasa hii ndiyo sehemu tamu. Nimesema misuli na mishipa kana kwamba ni vitu viwili, lakini mishipa inayopeleka damu ina misuli laini kwenye kuta zake. Ikibana, njia inakuwa nyembamba, damu inapungua. Ikilegea, damu inamiminika. Yaani kila mshipa mdogo una koki yake. Mwili hauna damu ya kutosha kufungua koki zote kwa mara moja, kwa hiyo unagawa kwa zamu kama mgao wa umeme. Ukikimbia kwa nguvu, koki za tumbo zinafungwa ili miguu ipate, na damu ya utumbo inaweza kushuka mpaka chini ya robo ya kawaida yake. Wakimbiaji wa mbio ndefu wanaharisha njiani, na wengine wanakuta hata damu kwenye choo, kwa sababu utumbo umenyimwa hewa kwa saa mbili tatu.

Je, ndiyo maana tunasinzia baada ya ubwabwa wa mchana? Kijiweni jibu ni "damu yote imekwenda tumboni, kichwani hakuna kitu". Si kweli, ubongo unalindwa sana, damu yake haiguswi ovyo kwa sababu ya sahani ya wali. Usingizi unahusiana zaidi na homoni zinazotoka tumboni na saa ya mwili yenyewe ya mchana. Ila kwa wazee wetu, hasa wenye presha au kisukari, kuna kweli kidogo: baada ya mlo mkubwa presha inaweza kushuka, mzee akisimama ghafla anaona giza na kuanguka. Bora akae kidogo kabla ya kuinuka.

Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo sana, kila kimoja hakizidi milimita 1, mamilioni kwa mamilioni. Ndani ya kila kijidole kuna kimtandao cha mishipa myembamba kuliko unywele, na katikati kuna mrija mmoja wa limfu. Vitabu vya zamani vinasema ukiutandaza ukuta huo unapata uwanja wa tenisi. Mwaka 2014 watafiti wa Uswidi walipima upya wakapata kama mita za mraba 32 tu kwa njia nzima ya chakula, sawa na sebule kubwa na chumba. Bado sio haba kwa kitu kilichokunjwa ndani ya tumbo.

Sukari ya ugali na vipande vya protini ya maharage vinaingia kwenye damu ya vile vijidole. Lakini damu hiyo hairudi kwenye moyo moja kwa moja. Yote inakusanywa kwenye mshipa mmoja mnene, vena ya lango, na kupelekwa kwenye ini. Unaijua mizani ya Vigwaza? Lori haliruhusiwi kuendelea Morogoro mpaka lisimame, lipimwe, likaguliwe. Ini ndiyo mizani. Sukari ikizidi inawekwa ghala, sumu inavunjwavunjwa, pombe inashughulikiwa, dawa ulizomeza nyingine zinapunguzwa nguvu hapo hapo. Kwa sababu hiyo kuna dawa za moyo ambazo mgonjwa anaambiwa aweke chini ya ulimi, zinyonywe na mishipa ya mdomoni na kukwepa mizani. Robo tatu hivi ya damu inayoingia kwenye ini ni hii iliyotoka kwenye utumbo. Robo iliyobaki ndiyo inakuja moja kwa moja kutoka kwenye moyo ikiwa na hewa safi.

Mafuta ndiyo wajanja. Mengi yake hayapiti mizani, yanapita njia ya panya. Yanaingia kwenye ule mrija wa limfu, yanapanda na mfereji unaopita kifuani, yanakuja kumwagwa kwenye vena kubwa karibu na shingo upande wa kushoto. Hiyo mirija iligunduliwa mwaka 1622 na Mwitaliano Gaspare Aselli alipompasua mbwa aliyekuwa ametoka kula. Aliona nyuzi nyeupe, akazichoma, kikatoka kitu kama maziwa. Yalikuwa mafuta ya chakula.

Mishipa yote hiyo inafika kwenye utumbo kupitia utando mmoja wenye mafuta mafuta. Wapika supu ya utumbo wanaufahamu, ndio ule wanaouchuna kabla ya kuosha. Utando huo umeshikiza utumbo mgongoni ili usizagae, na ndani yake mishipa imetengeneza michepuo mingi, tao juu ya tao. Utumbo ukijigeuza na tawi moja likabanwa, damu inazunguka kwa tawi lingine, kama dereva anayekwepa foleni ya Ubungo. Zamani walidhani ni vipande vipande tu visivyo na maana. Mwaka 2016 daktari Calvin Coffey wa Limerick, Ireland, na mwenzake waliandika kwamba ni kitu kimoja kinachoendelea tangu juu mpaka chini, na kinastahili kuitwa kiungo.

Ila michepuo inasaidia tawi likibanwa. Shina likibanwa, hakuna mchepuo.

HAPA NDIPO WATU WANAPOPOTEA

Tuanze na ngiri. Mtaani tunasema "mshipa wa ngiri", jina linalopotosha kabisa, kwa sababu kinachotokeza pale kwenye kinena sio mshipa, ni utumbo au ule utando. Ukuta wa mbele wa tumbo ni misuli. Panapokuwa na sehemu dhaifu, mzigo mzito, kikohozi cha muda mrefu au kujikamua chooni kunasukuma utumbo upenye. Ukilala unarudi, ukisimama unatokeza, na mtu anaishi nao miaka kumi akibeba magunia sokoni. Siku moja kipande kinapenya na mdomo wa tundu unakibana. Kwanza vena zinabanwa, maana kuta zake ni laini, kwa hiyo damu inaingia ila haitoki, utumbo unavimba. Ukivimba unabanwa zaidi, mpaka na mshipa unaoleta damu nao unafungwa. Kuanzia hapo unahesabu saa. Kama saa 6 zinatosha kwa kipande hicho kuanza kufa, kikifa kinatoboka, uchafu unamwagika tumboni.

Dalili zake zinaeleweka: uvimbe uliokuwa unarudi sasa haurudi, umekuwa mgumu, unauma, mtu anatapika, hapati choo wala hatoi hewa. Hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Asikandwe kwa maji ya moto, asisukumwe kwa nguvu, asipewe dawa ya kuharisha. Kuharisha ni kuiambia misuli isukume kwa nguvu kuelekea kwenye mlango uliofungwa!

Na kwa anayeishi na ngiri ambayo bado inarudi, operesheni ya mapema ni ndogo sana ukilinganisha na ile ya dharura. Kuna habari nzuri ya majirani zetu: huko Kamuli, Uganda, watafiti walijaribu kuziba tundu la ngiri kwa wavu wa bei nafuu wa aina ya chandarua, uliosafishwa hospitalini, wakaulinganisha na ule wa kiwandani wa bei mbaya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na hayakuwa na tofauti ya maana. (Sio chandarua cha kitandani kwako tafadhali.)

Mchezo huohuo wa damu kukatwa unatokea utumbo mpana wa upande wa kushoto unapojisokota kwenye utando wake kama kamba ya ndoo kisimani. Tumbo linajaa kama ngoma ndani ya siku moja, choo hakuna, hewa hakuna. Watu wazima wa vijijini wanaupata huo, na kwetu Afrika Mashariki madaktari wameuandika miaka mingi.

Unaoniumiza zaidi ni wa watoto wachanga, hasa wa miezi 4 mpaka 10 hivi. Utumbo unaingia ndani ya utumbo, kama unavyokunja mkono wa shati. Unavuta na utando wake, na mishipa yake, damu inabanwa. Mtoto analia kwa nguvu anakunja magoti, halafu ghafla anatulia kama hana kitu, baada ya dakika kumi au ishirini anaanza tena. Kule kutulia ndiko kunakodanganya. Bibi anasema ni chango, anapewa dawa ya kienyeji, anatulia (angetulia tu hata bila dawa), familia inaamini dawa imefanya kazi. Kesho yake choo kinatoka chekundu cha ute kama jeli. Mtoto anayelia kwa vipindi hivyo huku anatapika asisubiri hicho choo. Akiwahi, kuna hospitali zinaurudisha utumbo kwa kupuliza hewa au maji kwa nyuma, na pasipo na vifaa hivyo ni operesheni, ila utumbo ukiwa bado hai ni kuukunjua tu. Akichelewa, ni kukata.

Mwisho ni kichocho cha tumbo, na hapa nawazungumzia watu wa Ziwa. Mnyoo huyu daktari Mjerumani Theodor Bilharz alimkuta mwaka 1851 huko Kairo, ndani ya ileile vena ya lango alipokuwa anapasua maiti. Haishi kwenye chakula kama minyoo mingine, anaishi ndani ya damu, kwenye mishipa inayotoka kwenye utumbo, dume na jike wamekumbatiana kwa miaka. Jike anataga mayai mamia kwa siku. Mengine yanapenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo, yakifika majini yanatafuta konokono. Yaliyobaki yanabebwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama kwenye mishipa midogo, na mwili unayazungushia kovu.

Kovu juu ya kovu, miaka inapita, mizani inaziba. Damu ya utumbo wote inafika mlangoni haipati pa kupita. Presha inapanda kwenye vena ya lango, bandama linavimba mpaka linaonekana kwa nje, maji yanajaa tumboni. Na damu nayo inatafuta njia ya panya: inapanda kwenye vena ndogo za chini ya umio, ambazo hazikuumbwa kwa mzigo huo. Zinatanuka kama mpira wa baiskeli uliotokeza kwenye tairi. Siku zikipasuka, mtu aliyekuwa anavua samaki jana anatapika damu beseni zima. Pombe na homa ya ini vinaweza kumfikisha mtu hapo hapo, lakini kando ya Ziwa Victoria kichocho kina sehemu yake kubwa, na nani atawaambia ndugu wasiseme amerogwa?

Kutapika damu, au choo cheusi kinachonata kama lami, ni safari ya hospitali bila kikao cha familia. Hospitali kubwa za rufaa zina kamera ya kuingia kooni na zinaweza kuifunga ile mishipa kwa vipira vidogo. Ila kabla ya kufika huko kuna prazikwanteli, dawa inayopimwa kwa uzito wa mtu, miligramu 40 kwa kila kilo. Inaua minyoo wakubwa. Haizuii usiambukizwe tena ukirudi majini kesho, kwa hiyo sio ya kunywa mara moja maishani. Kwa miaka mingi imekuwa ikigawiwa zaidi kwa wanafunzi, wakati wavuvi, wachuuzi wa dagaa na kina mama wanaofua ziwani wanashinda ndani ya maji hayo hayo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo: sehemu zenye maambukizi mengi wapewe wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwemo.

Wadau wa Ukerewe, Sengerema, Musoma, na ninyi wa Mbita upande wa Kenya: huko mialoni kwenu hiyo dawa inawafikia wavuvi, au bado inaishia getini kwa shule?